Lumbesa, Zakayo na hela za watu: Biblia inauangaliaje udanganyifu?

Huku kwetu Tanga ukitaja dhambi ya uongo kanisani watu wote akili inaenda mdomoni. Mtoto kamdanganya mama yake, mke kamficha mume, mtu kapigiwa simu anasema niko njiani nafika kumbe bado yuko kitandani Chumbageni. Na mahubiri mengi yanaishia hapohapo, usiseme uongo, baba wa uongo ni shetani, Yohana 8:44, haya tusimame tuombe. Sikatai, imeandikwa na ni kweli. Lakini kadri ninavyozidi kuisoma Biblia naona inahangaika zaidi na uongo wa aina nyingine kabisa, uongo wa kipimo, uongo wa mshahara, uongo wa karatasi, yaani ule ambao mwisho wake kuna mtu anarudi nyumbani na hela pungufu au hana shamba tena. Na dawa yake inayoagizwa humo sio kuomba msamaha peke yake, ni kurudisha. Hapo kwenye kurudisha ndo tumepakimbia wote, wachungaji na waumini, na ndo nataka tupaongelee leo.

Fungua Mambo ya Walawi sura ya 19. Ndo sura yenye ile amri ya mpende jirani yako kama nafsi yako, mstari wa 18, ambayo Yesu mwenyewe aliichukua humo. Sasa angalia imekaa katikati ya nini. Mstari wa 11 msiibe wala msidanganye, wa 13 ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, ukishuka mpaka wa 35 na 36 unakuta mizani, mawe ya kupimia, efa na hini (vipimo vyao vya nafaka na vya majimaji), vyote viwe vya haki. Kwahiyo upendo wa jirani humo ndani umezungukwa na mshahara na mizani, alafu sisi tunauchomoa peke yake tunauimba harusini.

Kumbukumbu la Torati 25:13 inaenda mbali zaidi, inasema usiwe na mawe ya namna mbili mfukoni, kubwa na dogo. Zamani zile fedha yenyewe ilikuwa inapimwa kwa uzito, na shekeli moja ya Yuda kwa mawe ambayo wachimbaji wa mambo ya kale wameyakuta ni kama gramu 11 hivi, kitu kidogo tu unakishika kwa vidole viwili. Mtu angeweza kutembea na mawe mawili yanayofanana, zito la kununulia na jepesi la kuuzia, na mkulima aliyetoka kijijini na ngano yake asingejua kitu mpaka kufa kwake. Na tazama, sheria haisemi tu usiyatumie, inasema usiwe nayo. Kuwa nayo mfukoni tayari ni kosa.

Leo hakuna mawe, ila kuna debe lililobonyezwa kitako, kuna mizani iliyochezewa springi, kuna gunia la mkaa juu limepangwa vipande vizuri chini chenga tupu, kuna tenga la nyanya ambalo safu ya juu ni ya kupigia picha na ya katikati ni ya kutupa. Amosi 8 inawataja watu wanaouza mpaka takataka za ngano, wanapunguza efa na kuongeza shekeli. Kinachoniuma mimi kwenye maneno ya Amosi ni kwamba hao sio wapagani, ni watu wa ibada kabisa, wanauliza sabato itaisha lini tufungue ngano. Wapo kwenye ibada na hesabu zinaendelea kichwani.

Lakini kuna kitu ambacho nadhani hatukisemi vya kutosha. Tukisikia mizani ya hadaa tunamuwaza muuzaji. Mithali 20:14 inamgeukia mnunuzi, yule anayesema haifai kitu, haifai kitu, akishaondoka anajisifu. Na hapo ndo unaikuta lumbesa. Anayejua Lushoto anajua ninachosema. Mkulima wa Usambara kule juu amelima viazi, karoti, kabichi, mnunuzi anapanda na magunia, gunia linajazwa mpaka mdomo, alafu linaongezewa kilemba juu kinashonwa na kamba, bei inahesabiwa ni gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, Wakala wa Vipimo wapo, gunia la mazao mwisho wake kilo 100, viongozi wamekemea miaka nenda rudi, na bado lumbesa inashuka Mombo ikiwa imelala juu ya Fuso kama vile hakuna kilichotokea. Anayefanya hivyo hajasema uongo hata neno moja. Amenyamaza tu, kamba ndo imesema.

Mkulima anakubali kwa sababu gani? Sio mjinga. Anaijua ile kilemba ni hela yake. Ila viazi vimeshachimbwa, mvua ikinyesha barabara haipitiki, mnunuzi akiondoka harudi wiki hii, na watoto wanadaiwa michango ya shule. Kwahiyo anapoambiwa walikubaliana wenyewe, makubaliano gani hayo ambayo mmoja ameshika gunia, kamba, gari na hela, na mwenzake ameshika kiazi kinachooza? Ukiichunguza Biblia kwa makini karibu kila inapokasirikia udanganyifu wa biashara inamkasirikia yule aliyeshika kipimo. Na sio Biblia tu, maana sisi hapa mjini Ngamiani tunauza na kununua pamoja na ndugu zetu Waislamu, na kwenye Qurani kuna sura nzima, ya 83, inayoanza na ole kwa wanaopunja, wakijipimia wao wanataka kijae na wakiwapimia watu wanapunguza. Ni kosa lilelile la mawe mawili. Tumeonywa huku na huku, kwahiyo sokoni hakuna wa kusema kwetu haikuandikwa.

Alafu uongo wa karatasi. Mkoa huu unaufahamu vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walivuka kutoka Zanzibar wakashukia Saadani, hapo katikati ya Pangani na Bagamoyo, wakaingia bara Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakawa wanawapa machifu zawadi na kuwawekea mbele karatasi zilizoandikwa Kijerumani wazitie alama. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi kwa nguvu ya karatasi hizohizo. Watu walitia alama kwenye kitu wasichoweza kukisoma, wakaambiwa nchi zao zimeshakwenda. Ukimaliza hiyo soma 1 Wafalme 21, Nabothi na shamba lake la mizabibu, Yezebeli mke wa mfalme Ahabu anaandika barua kwa jina la mfalme, anatia muhuri wa mfalme, anatangaza mfungo (mfungo jamani!), anaweka mashahidi wawili wa uongo, Nabothi anapigwa mawe na shamba linachukuliwa. Kila kitu kimefuata utaratibu, barua ipo, muhuri upo, mashahidi wawili kama sheria inavyotaka wapo. Na hiyo ndo njia ya kiwanja kimoja kinachouzwa kwa watu wawili siku hizi, karatasi safi, muhuri safi, mashahidi wamesaini, na mjane yuko nje.

Na mkonge. Mkonge uliingia Tanga 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, na baadaye walikuja manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali kuukata. Walikuwa wanafanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa unatiwa alama, mshahara mpaka kadi ijae. Fikiria nguvu ya mtu mwenye kalamu hapo, akisema leo hujamaliza basi hujamaliza, jasho lako limekwenda na jua. Yakobo 5:4 inasema "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele." Huwa nikipita Korogwe nikiona yale mashamba yamenyooka mpaka mlimani mstari huo unanijia wenyewe. Na msiseme hayo ni ya wakoloni, maana dada wa kazi za ndani anayeambiwa mshahara wako nakutunzia alafu anarudishwa kwao kwa nauli tu, huo si ujira uliozuiwa kwa hila ni nini?

Sasa twende kwa Yakobo mwenyewe, yule mtoto wa Isaka, kwa sababu hapa ndo watu wanaponibishia zaidi. Wananiambia Yakobo alidanganya na bado alibarikiwa, kwahiyo Mungu haangalii sana njia, anaangalia ahadi. Nyie, mmesoma mpaka mwisho kweli? Mwanzo 27 anavaa nguo za kaka yake, anavikwa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, baba yake haoni vizuri, anampapasa, anambariki. Kaka anarudi kutoka porini, analia kwa sauti kubwa. Sawa, baraka amepata. Kuanzia hapo maisha yake yameanza kumtoka. Anakimbia nyumbani, mama aliyempangia mpango hatusomi mahali popote kwamba alimuona tena. Anafika kwa mjomba Labani, anatumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, asubuhi anaangalia pembeni ni Lea. Aliyejifanya kaka yake gizani mwa macho ya baba amepewa dada badala ya dada gizani mwa usiku. Anakaa huko miaka 20 na anasema mshahara wake umebadilishwa mara kumi. Alafu uzeeni wanawe wanachukua nguo ya Yusufu, wanachinja mbuzi, wanaichovya kwenye damu, wanamletea, wanamuuliza unaitambua hii? Nguo na mbuzi. Vilevile alivyotumia yeye kwa baba yake, na anaamini na anaomboleza miaka. Mwandishi wa Mwanzo hajasimama kuhubiri, hajasema huyu anavuna alichopanda, ameviweka tu pale vitu viwili uvione mwenyewe.

Ila kinachorukwa sana ni sura ya 32 na 33. Yakobo anarudi kukutana na Esau, na kabla ya kumkumbatia anatanguliza mifugo. Mbuzi majike 200 na beberu 20, kondoo majike 200 na madume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha na watoto wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda majike 20 na madume 10. Piga hesabu, ni zaidi ya 500. Esau anakataa, anasema ninavyo vingi ndugu yangu, Yakobo anamshikilia apokee, na anamwambia upokee baraka yangu. Mtu aliyeiba baraka anairudisha kwa kwato na pembe. Na usiku uliotangulia alikuwa ameshashindana mpaka alfajiri na ameshabarikiwa na kupewa jina jipya, angeweza kusema mimi na Mungu tumemalizana, hayo mengine ni ya kale. Hakusema. Asubuhi akaenda kulipa huku anachechemea.

Na Rahabu je? Hilo ni swali la haki na halijibiwi kwa kupiga kelele. Rahabu aliwaficha wapelelezi na akawadanganya watu waliotumwa na mfalme wa Yeriko, na Waebrania 11 inamsifu kwa imani yake. Wakunga wawili wa Kutoka 1, Shifra na Pua, walimwambia Farao wanawake wa Kiebrania wanazaa kabla mkunga hajafika, na Mungu akawatendea mema. Mimi sioni faida ya kujifanya mistari hiyo haipo. Lakini angalia nani ameshika panga. Ni Farao, ni mfalme wa mji. Wanaodanganya hawachukui kitu cha mtu, wanazuia watoto wachanga na wageni wasiuawe. Wagibeoni wa Yoshua 9 nao walikuja na viatu vyenye viraka na mkate wenye ukungu wakijifanya wametoka mbali ili wasiuawe, na wao hawakusifiwa, wakapewa kazi ya kukata kuni na kuteka maji, lakini hawakuuawa, na kiapo walichoapiwa kikawa kiapo mpaka Sauli alipokivunja na nchi ikapata njaa miaka mitatu kwa sababu hiyo (2 Samweli 21). Sasa mtu aniletee Rahabu kutetea debe lililobonyezwa? Uliyemdanganya ana jeshi gani? Ni mama anayenunua unga wa jioni.

Turudi kwenye dawa. Walawi 6 mwanzoni inataja mambo yenyewe kwa majina, kumdanganya jirani kwenye amana, kumdhulumu, kuokota kilichopotea na kukikana, kuapa uongo. Hatua ya kwanza ni kurudisha kile kitu kizima, ya pili kuongeza sehemu ya tano juu yake, na unampa mwenyewe siku ileile unapoleta sadaka yako ya hatia. Upatanisho wa madhabahuni unakuja baada ya hapo. Ukimpunja mtu laki moja unatafuta laki na 20 elfu unampelekea, ndo uje mbele za Bwana. Kwenye kondoo aliyeibiwa akachinjwa au kuuzwa Kutoka 22 inapandisha mpaka wanne kwa mmoja, na Daudi aliposimuliwa na Nathani habari ya tajiri aliyemchinja mwanakondoo wa maskini, hukumu aliyoitoa ndo hiyohiyo, atalipa mara nne, hajui anajihukumu mwenyewe. Na Zakayo aliposimama mbele ya Yesu alitaja hesabu ileile: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Kazi yake ilikuwa kodi, kipimo kilikuwa mkononi mwake miaka yote. Baada ya maneno hayo ndo Yesu anasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Najua jibu litakalokuja, hiyo ni torati, sisi tuko chini ya neema, damu imefuta. Sawa, twende kwa Paulo basi, mtume wa neema mwenyewe. Onesimo alikuwa mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake Filemoni, akakutana na Paulo kifungoni, akaokoka, Paulo akamuita mwanangu. Paulo anaandika nini? Anasema kama amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi Paulo naandika kwa mkono wangu mwenyewe, nitalipa. Hajasema deni limekufa kwenye maji ya ubatizo. Dhambi imesamehewa na deni bado ni deni, kwahiyo amesaini yeye. Siku nikiona mchungaji amesimama na muumini mpya akamwambia nitajie uliowadhulumu tukae tupange tutakavyowalipa, na mimi nachangia, siku hiyo nitajua tumesoma Filemoni.

Tunachofanya sasa ni kinyume. Mtu anakuja kwenye ushuhuda, anasema nilikuwa tapeli mkubwa, nilikuwa natuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", nimeuza viwanja hewa, Bwana ameniokoa, kanisa zima makofi na vigelegele. Hakuna anayeuliza wale watu wako wapi. Hakuna! Anapewa maiki na baada ya miezi michache anapewa na uongozi. Na akitoa sadaka nene tunaipokea bila kuuliza imetoka kwenye kiwanja cha nani, wakati Anania na Safira walianguka pale Matendo 5 kwa kutoa, tena Petro akamwambia Anania wazi kabla ya kuuza shamba lilikuwa lako na baada ya kuuza hela ilikuwa yako, hakuna aliyewalazimisha. Walitaka kuonekana wametoa yote. Yesu kwenye Mathayo 5:23 anasema ukiwa madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda kwanza. Iache hapo, maana yake hata ibada inasimama.

Wengine wananiambia ni ngumu, watu niliowapunja siwajui, sokoni wanapita mamia. Nalielewa hilo na Biblia imelifikiria kabla yetu. Hesabu 5 inasema mtu aungame, arudishe kamili na sehemu ya tano juu, na kama aliyedhulumiwa hana hata jamaa wa kupokea basi inakwenda kwa Bwana kupitia kuhani. Njia ipo. Lakini inaanza kwa kumtafuta mwenyewe, akikosekana jamaa yake, ndo baadaye madhabahu. Huwezi kuruka moja kwa moja kwenye kapu la sadaka kwa sababu kapu halikuulizi maswali. Na kwa upande wa lumbesa hakuna wa kusema hawajui watu wake, kila mnunuzi ana wakulima wake anaowapigia msimu ukianza, wa Lukozi, wa Mlalo, wa Soni, namba zimehifadhiwa kwenye simu kwa majina na kijiji, na ile sehemu ya tano inaweza kutumwa jioni hiihii kwa simu hiyohiyo.